Somo la Kuzimia

Wakati wa Mwingereza nilifundisha, kama kule ndiko kufundisha, kwenye shule ndogo ya manesi huko Temeke. Elimu yangu iliishia darasa la sita, kwa hiyo huenda mengine sikuyaelewa. Tulikuwa walimu wanne, na juu yetu Sista Mkuu, mwanamke wa Kizungu.

Sista aliona hatujaliani. Akabandika karatasi ukutani: kila asubuhi mwalimu amjulie hali mwenzake, kisha atie sahihi. Kwa haki yake, nia ilikuwa njema. Sisi tukatia sahihi za wiki nzima siku ya Jumatatu, tukawa tumemaliza kujaliana.

Mdogo wetu, binti wa kutoka Songea, alikuwa bado anajaribiwa. Afundishe somo moja mbele yetu. Akifaulu abaki mwalimu, akishindwa arudi wodini. Siku tatu alikuwa na homa. Aliomba somo lisogezwe mbele.

"Mwanangu, homa ndiyo nini?" mwalimu mkubwa akamwambia. "Meza kwinini, ukafundishe."

Mie nilikuwepo. Nikaenda kuchonga penseli yangu.

Somo lenyewe lilikuwa kumhudumia mtu aliyezimia. Tulikaa nyuma ya wanafunzi na penseli zetu. Alieleza dalili moja moja, akashika meza, akaenda chini.

"Kaanguka vizuri," jirani yangu akaninong'oneza. "Mie ningelionea huruma gauni."

Nikaandika: vizuri. Manesi watatu wazima, mgonjwa yuko sakafuni, sisi tunampa alama!

Mwanafunzi mmoja akainuka, akamshika paji la uso. "Mwalimu, huyu anaungua!"

"Nani kakuruhusu kusimama?" mwalimu mkubwa akamkemea. Nisimwonee: alipoelewa, ndiye aliyekuwa wa kwanza kukimbilia maji.

Ilikuwa malaria. Akalazwa, na somo likahesabiwa halikukamilika. Nikajikaza, nikamwomba Sista ampe nafasi nyingine. Akakubali. Nikaenda wodini kumpa habari, najiona mtu wa maana.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Utarudia somo, Sista kakubali."

"Watakaokaa nyuma ni nani?"

"Sisi."

Alicheka mpaka akakohoa. "Basi waambie nimeshindwa. Nikipona nafanya kazi hapa hapa. Huku mtu akianguka, wanamwokota."

Nilimpelekea Sista habari kwamba binti amekataa. Alipouliza sababu, nikasema sijui.