Ukuta wa Vioo katika Nyumba ya Wafinyanzi

Wajukuu zangu hunisifu kwa watu, bibi yetu hivi, bibi yetu vile, na mimi kichwa kinavimba kweli. Lakini hawajui kwamba mimi ndiye niliyeiua nyumba ya wafinyanzi.

Ilikuwa upande wa Kasense, nyumba ndefu ya udongo, ndani giza. Bibi yake mama alijifunzia humo kufinyanga, na mama pia, na wanawake wa vijiji vya jirani. Enzi za Mwingereza mama ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Akaja Mzungu mmoja wa serikali, akasema nyumba hii ni ya zamani, ni fahari ya Ufipa, wageni lazima waione kazi. Akabomoa ukuta wote wa mashariki, akaweka vioo chini mpaka juu. Vilishushwa melini Kasanga, vikapanda mlima kwa lori, vimelazwa kwenye majani kama mayai.

Mama akamwambia karani wake, aliyekuwa akitafsiri, "Mweleze, vyungu vibichi hukauka gizani, polepole. Jua litavipasua."

Karani akasema maneno mawili ya Kiingereza. Mzungu akacheka, akampa mama mkono.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba unashukuru, mama. Unataka nifukuzwe kazi?"

Basi mama akafunika vioo kwa mikeka. Wenzake wakamcheka: "Umejengewa nyumba ya Kizungu, unaivalisha matambara!"

Mzungu akatoa habari: mkubwa wake anakuja. Akipenda kazi, wanawake watabaki. Asipopenda, watoke. Mama akafinyanga mitungi saba ya pombe ya ulezi, mikubwa, mimi naingia mzima.

Asubuhi ya ugeni mama alikwenda kuokota kuni za kuchomea mitungi. Mimi, mtoto wa miaka kumi hivi, nikaona aibu. Wageni waje wakute mikeka iliyochakaa? Nikaishusha yote. Nikafuta vioo kwa kaniki yangu mpaka vikang'aa, nikasimama nje kwenye upepo wa baridi nikijitazama. Sikuwa nimewahi kujiona mzima, kichwa mpaka miguu. Nilijipenda. Nikageuka huku, nikageuka kule, na ndani jua linapika.

Nikasikia ta. Kisha ta tena.

Wageni walikuta mitungi yote saba imepasuka, mdomo hadi kitako. Mkubwa akagusa mmoja, kipande kikabaki mkononi mwake.

"Anauliza, hawa ndio mafundi?" karani akasema.

Mama alikuwa amerudi na kuni. Aliiona mikeka chini. Akaniona na mimi. Hakunitaja.

"Mwambie mkono wangu umezeeka."

Safari hii karani akatafsiri yote.

Nyumba ikawa ghala la saruji. Mama hakushika udongo tena hadi tunamzika, na hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alikuwa amenifundisha kukanda udongo tu, kufinyanga bado.

Mjukuu wangu wa kike, yule mwenye akili kuliko wote, aliniuliza juzi, "Bibi, mtungi huanzwaje?"

Nikamwambia huanzwa chini, kwenye kitako. Akangoja niendelee. Zaidi ya hapo sijui.