Alama Niliyoipiga Randa

Nilianza kusoma nikiwa na miaka arobaini na mitatu, baada ya kufiwa na mume wangu, na tangu hapo nilidharau kila alama isiyokuwa herufi. Kosa langu lilianzia hapo.

Marehemu aliniachia mtumbwi wa kuvushia watu hapa Itebero, uliochongwa mwaka tuliofunga ndoa. Nyuma, kwa ndani, fundi alikuwa ametia mikato mitatu na duara dogo. Mafundi wa zamani wa msitu huu walikuwa na alama zao, na kila mmoja aliikata mara moja tu, asubuhi ya kushusha mtumbwi majini.

Jumatatu ya tarehe tisa Juni nilimwita seremala azibe nyufa. Nikamwagiza pia apige randa mahali pa alama, achonge hapo jina la mume wangu na tarehe. Alisita, akauliza kama fundi wa kwanza bado yu hai. Nilimjibu afanye kazi aliyoitiwa.

Jumamosi ya tarehe ishirini na nane fundi huyo wa kwanza alifika, kipofu, akishikwa mkono na binti yake. Binti alinieleza kwamba mitumbwi mingine yote ya baba yake ilikwisha kuoza, na kwamba walitembea siku mbili ili mzee aguse alama yake mara moja tena.

Alipopiga magoti mtumbwini, niliharakisha kusema, "Pale palioza, Papa. Ilibidi tupaondoe."

Vidole vyake vilipita juu ya ubao, vikaingia katika herufi, vikarudi.

"Huku kwenu, Mama, kuoza ndiyo kunanyoosha mbao hivi?"

Binti aliutazama mto. Mzee akaniomba nimsomee maandishi. Nilisoma, mimi ninayewasahihisha wasomaji wa kanisani, nikijikwaa kwenye kila neno.

"Ni bwana yako. Alikuwa muntu muzuri," akasema. "Na mwenye kuchonga, uliandika wapi?"

"Sikuandika, Papa. Wala hapakuoza. Ni mimi niliyeamuru."

Nilimletea kisu, nikamsihi aikate upya alama yake. Alikataa kwa upole: mtumbwi hushushwa majini mara moja.

Niliwavusha mwenyewe. Nilisimama nyuma na kasia. Mzee aliketi miguuni pangu, kiganja chake kikiwa juu ya jina la mume wangu hadi ng'ambo. Aliposhuka alinishukuru kwa adabu kamili, kama abiria yeyote.