Neno Alilolimeza Phelis

Phelis, mke wa Owino, alikuwa mtunza stoo ya dawa katika shamba moja la majani chai karibu na Mogogosiek. Mwaka wa tisini na tano wanunuzi wa Ujerumani walitaka kujua mitungi ya dawa ya magugu hutupwa wapi. Meneja alimkabidhi Phelis kazi hiyo: kila mtungi utobolewe, uzikwe, kisha atie sahihi. Alitoboa, akazika, akatia sahihi.

Lakini mtungi mzuri wa plastiki, nani atauacha uoze ardhini? Watu walifukua shimo jioni, wakaziba matundu kwa ndala zilizoyeyushwa motoni. Siku moja Phelis alipokwenda kuchukua maziwa kwa Rodah, jirani yake wa ng'ambo ya uzio wa shamba, alikuta mmoja umejaa maji ya kunyweshea ng'ombe kando ya zizi.

"Mama Kipruto, huo mtungi kampuni imekataza," alimwambia Rodah.

"Kampuni!" Rodah alicheka. "Ilichukua mashamba ya babu zetu, Mama Molly, sasa mpaka takataka mnatunyima? Haya, kunywa chai uende ukanishtaki."

Phelis alikuwa na neno moja tu la kusema: sumu. Alilimeza. Wakati wa mapigano ya kikabila, miaka mitatu nyuma, wifi yake Beldina alichomewa nyumba kwa sababu jirani aliumwa tumbo baada ya kula kwake, ikasemwa amemtilia sumu. Mtu wa ziwani kama yeye hakulitaja neno hilo ovyo mbele ya wenyeji. Alikunywa chai, akaaga.

Kesho yake alimwomba meneja mitungi ikatwekatwe, na chifu awatangazie watu barazani.

"Barua ya wanunuzi inasema kutoboa. Umetoboa?"

"Ndiyo, bwana."

"Kuzika?"

"Nimezika, lakini watu wanafukua, wanapeleka nyumbani."

"Mama, kampuni inaishia kwenye uzio. Nikimwita chifu wiki hii, wageni kutoka Ujerumani watauliza kuna nini."

Wageni walikuja, wakaonyeshwa shimo lililofunikwa upya, wakapiga picha, wakaondoka wameridhika.

Jumapili, watu wakitoka kanisani, mtamba wa Rodah alianguka. Alikuwa na mimba, wa kwanza kuzaliwa katika zizi lile tangu mume wa Rodah afariki. Phelis alifika akamkuta amelala ubavu, ulimi nje, pumzi zikikatika. Hapo ndipo alipolisema lile neno.

"Ni ule mtungi. Ulikuwa na sumu."

Rodah alimgeukia. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Uliniambia kampuni imekataza. Mambo ya kampuni mimi nayasikiliza lini? Ungesema sumu, ningeutupa siku ile ile."

"Niliogopa."

"Uliniogopa mimi? Na maziwa yangu unawapa watoto wako kila asubuhi?"

Phelis alichukua panga akaupasua mtungi ule vipande vipande, kisha akashika njia ya nyumba zilizofuata, akibisha hodi moja baada ya nyingine. "Mitungi ya kampuni ina sumu. Msitie maji, msitie maziwa." Nyumba ya kwanza walimpa mtungi wao. Ya pili walimwuliza mbona anasema leo. Kufika ya tatu, habari ilikuwa imemtangulia kwamba mke wa Owino ameua ng'ombe wa Rodah. Mlango ulifungwa kabla hajafungua kinywa, na kupitia ufa wa ubao alisikia maji yakimiminwa mtungini.