Kinyozi wa Meseji

Ofisini kwetu wanamwita Kinyozi, na aliyembandika jina hilo ni mimi, kwa hiyo lawama zije kwangu. Kazi yake ni kunyoa maneno. Wateja hutuletea majina na anwani zimejaa takataka: nafasi za bure mwanzoni, mikato miwili miwili, herufi kubwa zimetapakaa kama kuku wasio na mwenyewe. Yeye hupitisha vyote kwenye programu yake, vikatoka upande wa pili vimenyooka.

Programu hiyo ameiandika kwa lugha ya kompyuta ambayo sasa hakuna mwingine ofisini anayeijua. Wawili waliokuwa wakiijua walishahama, na waliobaki wanasema ni ngumu bila sababu. Basi anakaa kwenye kona yake karibu na dirisha, na akikwama hana wa kumuuliza, akifanikiwa hana wa kumwambia. Mimi napokea simu za wateja meza ya pili, kwa hiyo huniambia mimi. Nusu yake sielewi, naitikia tu.

Jambo moja nililielewa, maana alilirudia mpaka likaniingia. Lugha yake huja na vifaa vyake tayari, kama sanduku la fundi: kimoja cha kufuta nafasi za pembeni, kingine cha kukata sentensi vipande, kingine cha kuviunga tena. Na hakuna kinachogusa maneno yenyewe. Ukiyakata, unapewa mapya yaliyokatwa, na yale ya zamani yanabaki vilevile.

"Kwetu hakuna kinachoharibika, dada," aliniambia. Nilimwonea wivu, mimi ambaye hata vikombe vya ofisi vinanikimbia mkononi vikavunjika.

Nyumbani alikuwa akiishi na wazazi wake. Baba alipofuka kwanza, kisha mama akapoteza sauti kwa ugonjwa wa koo. Hebu fikiria ndoa hiyo: mmoja hawezi kusema, mwenzake hawezi kusoma. Kinyozi akawatengenezea njia. Mama aliandika kwenye simu, na spika ndogo iliyokaa juu ya kabati la sebuleni ikamsomea mumewe. Mzee alijibu kwa mdomo, tena kwa kirefu, maana yule ana maneno.

Tatizo ni kwamba mama alipoandika alikuwa akitua. Akifikiri, kidole chake kiligonga nukta, na nyingine, na nyingine. Spika nayo ikasoma "nukta, nukta, nukta" mpaka mzee akachoka, akamwambia mwanawe amwondolee huo upuuzi. Kinyozi akaongeza mistari michache kwenye programu: nukta zilizorundikana zifutwe, nafasi ndefu zipunguzwe, kisha ujumbe, ambao awali haukuwekwa popote, uhifadhiwe na usomwe. Tangu hapo mama alizungumza kama mtangazaji wa redio, na mzee akaridhika.

Kisha mama akafariki.

Baada ya msiba, Kinyozi alirudi kazini ametulia kama maji mtungini. Alikula peke yake, akajibu "salama" kabla hujamaliza kumsalimu. Nyumbani kulikuwa kubaya zaidi. Baba alikaa chumbani, yeye sebuleni, na hakuna aliyejua pa kuanzia, kwa sababu miaka yote hiyo walikuwa wakizungumza kupitia kwa mama. Aliniambia waziwazi kwamba upweke ulikuwa unamla, na mimi sikuwa na dawa.

Jioni moja mzee alimwita. Alitaka kusikia meseji za mkewe, lakini hakutaka zile zilizonyooka.

"Niwekee kama alivyoandika mwenyewe," alisema. "Na nukta zake zote."

Kinyozi akamjibu kwamba hilo ni dogo, baba asiwe na shaka. Alikuwa na hakika, si lugha yake haiharibu kitu?

Akafungua, akakuta kila ujumbe umenyolewa. Kesho yake alikuja kunieleza macho yakiwa mekundu, na safari hii nilielewa yote. Ni kweli, lugha haikuyagusa maandishi ya mama. Ilimpa nakala mpya, safi, naye akahifadhi hiyo nakala. Ile ya asili ilibaki nzima, ila hakuna mstari wa programu ulioishika, na kompyuta hufagia kisichoshikwa na yeyote. Simu ya mama nayo haikuwa na kitu, kwa kuwa aliandikia kwenye kisanduku kilichojifuta kila alipotuma. Mgeni wa lugha ile angeogopa, akaweka akiba. Kinyozi aliiamini mno.

Nilitaka kusema hamadi ni iliyo kibindoni, nikauma ulimi. Kuna wakati methali ni matusi.

Alimwambia baba yake ukweli. Mzee akasema ni yeye mwenyewe aliyelalamika. Baadaye akaongeza, "Zima hiyo spika, mwanangu. Nisomee wewe."

Nilikwenda kuwajulia hali Jumapili moja, nikawakuta sebuleni. Kinyozi alikuwa akisoma taratibu, kwa sauti yake mwenyewe, maneno ya kawaida kabisa: mlango wa nyuma uko wazi, umevaa soksi mbili tofauti. Mzee alikuwa ameinamisha kichwa, mkono juu ya goti. Kila walipofika mahali ambapo mkewe alikuwa akitua, mkono uliinuka na kusoma kukasimama.

"Chai iko mezani," Kinyozi alisoma.

Mkono ukainuka. Tukangoja. Uso wa mzee ukalegea, akatabasamu kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi amalize kufikiri. Kisha mkono ukashuka.

"Usiiache ipoe."

Kinyozi aliponisindikiza hadi barabarani, nilimuuliza kama baba anakumbuka kweli zile nukta zilikuwa wapi, au anabuni. Alisema hajui.

"Yeye anamsikia hapo, dada. Mimi nangoja tu mkono ushuke."