Plasta Mdomoni

Meno yangu matatu ya mbele yaling'oka nilipoanguka na baiskeli, nikikimbia risasi kule mtaani Kabondo. Kwa miezi mingi sikwenda kutibiwa, maana nilimwogopa daktari wa meno kuliko aibu ya pengo. Mwishowe mume wangu alinipeleka.

Daktari alikuwa mzee mpole. Alisema mahali pengine jino hupandikizwa kwenye mfupa kwa skrubu, lakini vita vimefunga njia za kuleta vifaa. Angenitengenezea meno ya kuvaa na kuvua, ila kwanza alihitaji umbo la ufizi wangu.

"Mama, usiogope. Sindano haiko."

Akanijaza mdomoni plasta baridi, uji mzito wa jasi unaoganda, na kunishika kidevu. "Usitikisike mpaka ikauke."

Hapo mzinga ulilia upande wa uwanja wa ndege wa Simi-Simi. Wa pili ulilia karibu zaidi, na watu wakaanza kukimbia barabarani. Mume wangu alisimama.

"Docta, toa hiyo kitu, tuende!"

"Bado iko laini, Papa. Ikivunjika, itamukaba."

Sikuweza kusema wala kulia. Nilipumua kwa pua huku vioo vikitetemeka. Mkono wa daktari haukuondoka kidevuni mwangu. Plasta ilipokauka aliitoa nzima, akatusukuma nje.

Mizinga iliponyamaza tulirudi, tukakuta mlango wazi na chumba kitupu. Jirani alisema daktari alionekana akitoka mjini kuelekea Bengamisa kwa miguu, peke yake. Siku hizo wengi walioshika njia ile hawakusikika tena. Yeye pia hakusikika.