Kasike Isiyo na Matundu

Watu wa hapa Gisenyi bado wanasema niliangushwa na kitambaa. Kitambaa! Mi niliangushwa na kasike, ile kofia ngumu ya baiskeli, na aliyenivalisha anajua hivyo.

Nilikuwa natafuta nafasi kwenye timu ya klabu ya baiskeli. Nafasi ilikuwa moja tu, na siku ya mchujo tungeondoka mmoja mmoja karibu na Grande Barrière, pale mpakani, tupande mpaka Nyakiriba. Mi Mwislamu, nafunika nywele. Baba, fundi cherehani, alinishonea kofia ya ndani ya kitambaa chepesi cha jezi, akairudia mpaka ikakaa bila kukunjamana. Juu yake, mazoezini, nilivaa kasike yangu kuukuu yenye matundu. Hewa iliingia mbele, ikapita kwenye kitambaa kilicholowa jasho, ikatokea nyuma. Wallahi nilisikia baridi mpaka kisogoni.

Asubuhi ya mchujo kocha akaja na kasike mpya, imezibwa kote, laini kama yai, nyuma ina mkia. Alikuwa ameiona kwenye televisheni, vichwani mwa Wazungu.

"Hii inakata upepo," akasema. "Donc utavaa hii."

"Kocha, njia yenyewe ni mulima. Kule tunaenda polepole, huo upepo wa kukata iko wapi? Na hewa itaingilia wapi?"

"We mutoto, unataka kunifundisha kazi?"

Nikavaa. Yeye ndiye mwenye kuchagua, ningefanyaje?

Kwenye tambarare, sikatai, ilikwenda vizuri, upepo uliteleza tu. Nilipoanza kupanda, mwendo ukaisha na kichwa kikaanza kuchemka. Jasho lilikosa pa kukaukia, likanishukia machoni. Nikainamisha kichwa kwa uchovu, ule mkia ukasimama kama wa jogoo, hata upepo kidogo uliokuwepo ukapata pa kunishika. Lo, nilitamani kuivua niitupe mtaroni! Barabara ikaanza kupauka, halafu sikuona kitu. Nilizinduka nimelala kando ya shamba la viazi, mama mmoja mkulima ananimwagia maji.

Kocha alishuka kwenye gari lake. Akanivua kasike taratibu, akaigeuzageuza kuangalia kama imekwaruzika. Kisha akawageukia watu waliojaa pale.

"Si munaona? Hicho kitambaa ndicho kimemupika."

Watu wakaitikia. Mi nilikuwa natapika tu.

Nafasi alipewa msichana mwingine, asiyefunika nywele. Simwonei wivu, anapanda vizuri. Lakini baada ya siku chache nilimwona kwenye mlima uleule, kichwani kasike yenye matundu makubwa mpaka vidole vinapita, na kocha yuleyule anamfuata na gari. Ah bon! Kumbe alijua hewa inapita wapi. Moyo uliniwaka, mpaka leo haujapoa.

Nyumbani nilimweleza Baba yote: hewa, matundu, mlima. Alinisikiliza huku anatazama mikono yake.

"Kocha amesomea kazi yake, mwanangu," akasema. "Mi ndiye niliyeshona hicho kitambaa."

Nikamwapia. Nikalia. Hakuniamini.

Ijumaa, baada ya swala, akiwa na kanzu yake safi, alipita sokoni akanunua sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akaenda nao kwa kocha kumwomba radhi. Kocha akapokea samaki, akamwambia amemsamehe.