Mama wa Kipa, Weka Maji Motoni

Jumamosi iliyopita nilikuwa Makongeni, kule Thika, nikichagua taili za nyumba yangu mpya, wakati pikapu ya matangazo ilipopita barabarani imebeba spika kubwa kama kabati. Ilikuwa inauza unga. Kijana aliyesimama nyuma, kipaza sauti mdomoni, alikuwa anapiga kelele: "Mama! Weka maji motoni! Unga umefika!" Mwenye duka aliendelea kunisifia taili zake, lakini mimi nilikuwa sisikii tena. Niliiweka chini ile niliyokuwa nimeishika, nikatoka nje kabla hajafika kwenye bei.

Rafiki yangu, mimi si mtu wa kuacha biashara katikati. Uliza wanaonijua. Shule niliiachia darasa la saba. Nikasukuma mkokoteni mpaka nikanunua lori, na mawe ya kujengea kutoka machimbo ya Juja yamepita mikononi mwangu mengi kuliko nywele zilizobaki kichwani. Ukishuka Ruiru uliza tu ile nyumba ya ghorofa yenye rangi ya chungwa, hata mtoto atakuonyesha. Wenye digrii zao wanaishi ndani yake na asubuhi wananisalimia, "Mzee, habari ya asubuhi." Lakini maneno yale, weka maji motoni, nilikuwa sijayasikia kwa spika tangu utotoni, na mara ya mwisho yalikuwa yanaambiwa mama yangu.

Wakati huo Makongeni ilikuwa safu za nyumba za wafanyakazi wa viwanda. Kuta nyembamba, ukikaanga kitunguu jirani anajua leo kuna nini. Jumapili ilikuwa na mwendo wake. Asubuhi kanisa, adhuhuri nguo kufuliwa na kuanikwa, githeri ya mahindi na maharagwe ikinuka kila mlango, na ikifika saa tisa, mpira. Uwanja ulikuwa nyuma ya safu ya mwisho, vumbi jekundu tupu, magoli ya miti ya mkaratusi. Wanaume na watoto tulijaa pembeni. Akina mama hawakuja. Hakuna aliyewakataza, ni kazi tu hazikuwa zinaisha. Wao mpira waliusikia.

Waliusikia kwa Mtangazaji. Huyu alikuwa jirani yetu, fundi wa redio, mtu mwembamba mwenye sauti isiyolingana na kifua chake. Jumapili alitoa spika yake ya bati yenye mdomo kama wa tarumbeta, akaifunga juu ya nguzo, akaiunganisha na betri ya gari. Mimi ndiye niliyebeba nyaya. Watoto wa Makongeni walikuwa wengi na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuzigusa, andika hilo pia.

Mtangazaji hakuwaita wachezaji kwa majina. Aliwaita kwa mama zao. "Mtoto wa Mama Mandazi ana mpira, anapita mmoja, anapita... aaa, ameanguka peke yake! Mama Mandazi, kijana umemlisha nini leo? Anakimbia kama amefungwa jiko mgongoni!" Na Mama Mandazi, kule mlangoni kwake, mikono ndani ya povu la sabuni, alikuwa anajibu spika kama mtu aliye mbele yake: "Wewe sema ya mpira, mandazi zangu ziache!" Safu nzima inacheka. Kiswahili kikimwishia aliingia Kikikuyu, na kikizidi utamu alirudi Kiswahili, na hakuna aliyepotea.

Filimbi ya mwisho ikilia, Mtangazaji alikuwa na kazi moja iliyobaki. Maji ya kuoga yalichemshwa kwa makaa, na makaa hayana haraka. Kijana akifika na vumbi lake kabla maji hayajashika moto, ataketi kwenye kitambaa cha kiti na hapo ni vita. Kwa hiyo Mtangazaji aliwaita akina mama mmoja mmoja, akianza golini: "Mama wa kipa, weka maji motoni, kijana anakuja. Mama Mandazi, weka maji motoni, kijana anakuja." Hivyo hivyo mpaka mama wa yule wa akiba ambaye hakugusa mpira. Na wewe ungesikia mifuniko ya sufuria ikilia mlango baada ya mlango, uone moshi ukipanda. Nimekwenda harusi za wakubwa, nimesikia bendi za kukodiwa. Sauti tamu kama ile sijaipata.

Mama wa kipa alikuwa mama yangu. Maitu, kama tunavyomwita mama sisi Wakikuyu. Kipa alikuwa kaka yangu mkubwa. Alifanya kazi kiwandani na alidaka kwa glavu za kazi, zile ngumu, zinanuka grisi hata ukizifua. Nakwambia bila kuongeza chumvi, mikono yake ilikuwa sumaku.

Jumapili moja timu ya Ruiru ilikuja na lori, wanaimba. Mtangazaji hakungoja washuke. "Watu wa Ruiru, karibuni! Mmebeba magunia? Magoli tutakayowapa hayataingia mfukoni!" Wakamrushia maganda ya miwa. Ulikuwa mpira mgumu. Sisi tulipata goli moja, la kusukumana tu, na baada ya hapo ilikuwa ni kaka peke yake dhidi ya Ruiru yote. Karibu na mwisho mshambuliaji wao alitoka mbio, amebaki na kipa tu. Kaka akajitupa miguuni mwake. Mpira akaupata. Goti la yule kijana nalo likampata kichwani.

Kaka alilala kidogo. Kisha akaamka, akainua glavu moja juu, na spika ikalipuka: "Ameamka! Mama wa kipa, huyu ulimzaa kwa saruji!" Nilicheka mpaka nikaangusha waya. Mpira ukaendelea, filimbi ikalia, tumeshinda.

Mtangazaji aligeuka kuangalia upande wa nyumba, kama alivyofanya siku zote, akaanza golini kama alivyoanza siku zote. "Mama wa kipa, weka maji motoni, kijana anakuja." Nyuma yake mimi nilikuwa nakunja nyaya, na nilikuwa namwona kaka. Alikuwa ameketi, ameegemea mti wa goli, glavu juu ya magoti, kama mtu anayengojea aletewe viatu. Kisha akalala upande, taratibu, kama anayechagua pahali. Mtangazaji alikuwa amefika kwa mama wa nne au wa tano mtu alipopiga ukemi. Hakuzima kipaza sauti. Mtaa wote ulisikia anavyopumua, kisha hatua zinakimbia, kisha hakuna kitu.

Walimweka kwenye gari la mwenye duka wa mtaa wetu kumkimbiza hospitali. Mimi nilikimbia nyumbani. Maitu alikuwa amechuchumaa anapepea makaa.

"Ndugu yako yuko wapi?"

"Amepelekwa hospitali."

Aliangalia sufuria. "Maji yanakaribia," akasema, akaendelea kupepea.

Wanaume walikuja kabla giza halijaingia, kofia mikononi, hakuna anayetaka kutangulia mlangoni. Kaka alikuwa ameaga dunia njiani. Yale maji yalichemka mpaka makaa yakafa yenyewe, na hakuna aliyeyagusa. Asubuhi jirani mmoja alitaka kuyatumia kuoshea vikombe vya watu wa kilio. Maitu akaweka mkono juu ya mfuniko. "Hayo yana mwenyewe."

Baada ya mazishi Mtangazaji alikuja. Aliketi pale kwenye stuli ya mlangoni. "Mama, nisamehe," akasema. "Sikuangalia nyuma. Nilisema tu kama nilivyozoea."

"Nikusamehe nini?" Maitu akamwambia. "Wewe ulisema anakuja. Mimi nikaweka maji."

Spika haikupanda nguzoni tena. Mtangazaji alihama, wengine walisema Witeithie, wengine Githurai, sijui. Mpira ulirudi baadaye, lakini bila sauti yake ulikuwa watu wanakimbizana kwenye vumbi. Na Jumapili iliyofuata, saa ile ile, mama yangu aliweka maji motoni. Na iliyofuata. Nilikua nikiyaona. Nilipoanza mkokoteni nilikuwa narudi nimebadilika rangi kwa vumbi, naomba yale ya Jumapili nioge, maadamu yanapoa bure. Jibu halikubadilika. "Hayo yana mwenyewe."

Sasa anaishi kwangu Ruiru. Nimemwekea bafu lenye shawa ya umeme, unabonyeza tu, na gesi jikoni ya kuwashwa kwa kidole. Yeye alitaka jiko la makaa nyuma ya nyumba, nikanunua. Ungefanyaje?

Ule uwanja ni maghorofa. Baadhi ya mawe yake niliyapeleka mimi, na niliyauza vizuri. Hakuna mlango utakaosikia spika pale, milango yenyewe imepandana. Kijana wangu na wenzake wanaangalia mpira wa Uingereza kwenye televisheni yangu, pana kama mlango, simu mkononi kuona kama wamekula beti. Wanajua mchezaji anavaa kiatu gani na ameoa nani. Mama yake hawamjui.

Jumapili, siku moja tu baada ya ile pikapu, mechi iliisha wakapiga kelele zao, na kwenye ushoroba nikasikia ndara za Maitu. Kelele hizo ndizo filimbi yake siku hizi. Nilikuwa nimerudi kutoka saiti, viatu vimejaa vumbi. Kwa kawaida saa hiyo huwa napita mlango wa mbele, nisione. Siku hiyo nilizunguka nyuma, nikamkuta Maitu anapepea makaa.

Kijana wangu alimchungulia nyanya yake dirishani. "Shosho, si ufungulie tu bomba? Maji moto iko!"

"Ya bomba hayajui nani anakuja," akamjibu, bila kugeuka. Kijana akacheka, akarudi kwa simu yake.

Nilisimama pale mpaka mfuniko ukaanza kuruka. Mimi huwa naongea na mainjinia nikiwa nimeketi, lakini nilipoinama kuishika ile sufuria kwa vitambaa nilikuwa nangojea kukatazwa kama mtoto. Nikaiinua. Nikamimina ndani ya beseni. Nikachanganya na ya baridi. Hakunizuia. Alikuwa anaangalia viatu vyangu, lile vumbi, macho yakapanda polepole mpaka usoni, na sijui aliona nani.

"Mmefungwa ngapi?" akauliza.

Niliweka sufuria chini. "Hata moja, Maitu."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwa amelijua hilo muda wote. "Basi nenda uoge," akasema, "kabla hayajapoa."